Naimba kava za nyimbo za Hatsune Miku. Je, niache kazi?

"Nina miaka 24, niko Mombasa, nauza kwenye kaunta ya duka la vifaa vya simu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikirekodi kava za nyimbo za Vocaloid kwa Kijapani, na tatu kati yake nimezitafsiri kwa Kiswahili. Chaneli yangu ya YouTube ina wafuasi 2,300. Kava moja ilitazamwa mara 60,000 lakini ikapigwa dai la hakimiliki, sikupata hata senti, ingawa niliandika chini yake kwamba wimbo si wangu. Najua Ado, yule mwimbaji wa Japani, alianza hivi hivi, akirekodi ndani ya kabati. Nikiacha kazi nikatia nguvu zote huku, nitaweza kuishi? Na ule wimbo nilioutafsiri mwenyewe, si unakuwa wangu? Siku hizi pia sauti inakwaruza nikimaliza kurekodi."

Dada yangu, umefunga maswali manne kwenye fundo moja la leso: hela, hakimiliki, tafsiri na koo. La hela lina jibu fupi. Kaunta usiiache mwezi huu wala ujao. Sisemi hivyo kwa sababu huwezi kuimba; ni kwamba mahali unapozitafuta hela sipo zilipo, na dai ulilopigwa linakuonyesha hilo ukilisoma vizuri.

Vocaloid ni programu ya Yamaha iliyoingia sokoni mwaka 2004: unaandika melodia na maneno, kompyuta inaimba. Kampuni ya Crypton ya mjini Sapporo ilipotoa sauti ya Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta mwenye sura ya msichana wa katuni, tarehe 31 Agosti 2007, tovuti ya video ya Niconico ilikuwa haijatimiza hata mwaka, na vitu hivyo viwili vikawa chanda na pete. Watunzi wasio na mwimbaji wakapata mwimbaji asiyechoka. Wakaanza kuitwa P, kifupi cha prodyuza. Wakaja pia waimbaji wasio na mtunzi, wakaziimba nyimbo zile zile kwa koo la binadamu chini ya tagi ya utattemita, yaani "nimejaribu kuimba". Mwimbaji wa namna hiyo huitwa utaite. Ndiye wewe.

Mfumo huo ulisimama kwa kuazimana. P anaweka biti isiyo na sauti ya mwimbaji, mtu yeyote aichukue aimbie. Mwimbaji anapata wimbo mkali, P anapata jina. Wajapani wenyewe husema biti "inaazimwa". Sasa kitu cha kuazima kina mwenyewe. Ukiazima sufuria ya jirani ukaandika ubavuni "si yangu", hujamwomba ruhusa ya kuipikia biashara. Ndiyo maana ile sentensi uliyoiandika chini ya video haikukusaidia kitu. Haina nguvu yoyote kisheria, na mashine ya YouTube haiisomi.

Mwenye kava anagusa mali tatu kwa pamoja, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni wimbo: maneno na melodia. Ya pili ni rekodi ya biti, ambayo ni mali ya aliyeitengeneza hata kama ameiweka wazi watu waipakue. Ya tatu ni picha na video. Mchoro wa video ya asili ni wa mchoraji, na mara nyingi mchoraji si P. Ukipewa moja hujapewa nyingine.

Kwa upande wa wimbo mambo si mabaya sana. Japani ina mashirika mawili makubwa ya kukusanya mirabaha, JASRAC na NexTone, na yote mawili yana mikataba na YouTube na Niconico. Wimbo ukiwa umesajiliwa huko kwa matumizi ya mtandaoni, jukwaa ndilo linalolipa, wewe unaimba. Lakini ma-P wengi hawajasajili chochote, na wengine wamesajili matumizi machache tu, kwa mfano karaoke za ukumbini, wakabaki na haki za mtandaoni mkononi. JASRAC ina hifadhidata ya bure iitwayo J-WID. Nakili jina la wimbo kwa herufi zake za Kijapani kutoka kwenye video ya asili, libandike, kisha angalia alama kwenye safu ya usambazaji wa mtandaoni. Usipouona wimbo huko, wala kwenye hifadhidata ya NexTone, usidhani hauna mwenyewe. Una mwenyewe, na ni yeye binafsi wa kuombwa.

Biti haimo kabisa kwenye mikataba hiyo. Rudi kwenye video ya asili, fungua maelezo, tafuta neno karaoke au inst. Mara nyingi kiungo kitakupeleka Piapro, tovuti ya Crypton ya kubadilishana kazi, au kwenye folda ya P mwenyewe, na pembeni yake pana masharti. Neno la kuliwinda ni hieiri, "si kwa faida". Ukiliona, biti hiyo ni ya kujifurahisha, na video yenye matangazo inahitaji ruhusa ya ziada. Andika ombi kwa Kijapani chepesi, mistari mitano inatosha: wewe ni nani, wimbo gani, utauweka wapi, matangazo yatakuwepo au la, na kiungo cha kava yako moja. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Lisipokuja, kimya hicho usikihesabu kuwa ndiyo.

Jina na sura ya Miku navyo vina sheria zake. Crypton inaruhusu mashabiki kuchora na kutumia wahusika wake bila faida, kwa leseni ya Piapro. Ukitaka kuweka uso wake kwenye fulana ya kuuza, huko ni kwingine kabisa.

Sasa lile dai. Dai la Content ID, ile mashine ya YouTube ya kutambua mali za watu, si onyo la hakimiliki. Onyo ndilo linaloua chaneli: matatu ndani ya siku 90 na unafungiwa. Dai linasema tu kwamba mashine imetambua mali ya mtu ndani ya video yako, na mwenye mali amechagua hela zije kwake. Lifungue kwenye YouTube Studio usome limedai nini. Likitaja wimbo, ni mchapishaji wa muziki, na kwa baadhi ya kava YouTube hugawana mapato na mwimbaji aliye kwenye mpango wake wa washirika, ule unaolipa wenye chaneli. Likitaja rekodi, basi karibu hakika ni biti: P aliupeleka wimbo wake kwa msambazaji, msambazaji akaitia rekodi kwenye Content ID, na mashine imeisikia chini ya sauti yako. Hapo hakuna mgao. Usipinge dai ambalo ni la kweli, maana upinzani wa uongo ukikataliwa na ukang'ang'ania unaweza kugeuka kuwa onyo. Ukiwa na ruhusa ya maandishi, pinga ndani ya siku 5 za kwanza ili mapato yashikiliwe tangu siku dai lilipowekwa, na mdai ana siku 30 za kujibu.

Dawa ya biti ni kuitengeneza upya. Mpe prodyuza wa mtaani kwenu aipige mwanzo hadi mwisho kwa vyombo vyake. Mkiandikiana kwamba rekodi ni yako, unabaki na suala la wimbo peke yake. Hata ukitaka kuipeleka Spotify utahitaji hivyo hivyo: DistroKid, msambazaji wa nyimbo mtandaoni, kwa mfano, hutoza dola 12 kwa mwaka kwa kila kava kushughulikia leseni ya wimbo, lakini leseni hiyo haigusi biti ya mtu. Na tangu 2024 Spotify hailipi kitu kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hiyo usilipie kava kumi kwa mpigo.

Kuhusu tafsiri, pole, lakini hapana. Haki ya kutafsiri ni ya mtunzi chini ya Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya na Japani zote ni wanachama. Maneno yako ya Kiswahili ni jasho lako na hakuna anayeweza kuyachukua bila ruhusa yako, ila na wewe huwezi kuyatumia bila ruhusa ya mwenye wimbo. Mikataba ya JASRAC na majukwaa haijumuishi ruhusa ya kutafsiri; hiyo huombwa kwa mtunzi au mchapishaji wake. Leseni ya kava ya Marekani nayo haifikii kubadilisha lugha. Yaani zile kava zako tatu za Kiswahili ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Ningeziondoa kwa umma kwa muda, nimwandikie kila P, nimwambatishie tafsiri ya kurudi: Kijapani cha kawaida kinachoonyesha kila mstari wa Kiswahili unasema nini. P anaogopa kitu asichoweza kukisoma. Ukimfungulia, wengi hufurahi kusikia wimbo wao umefika Pwani.

Na hapo una mtaji ambao huenda hujauona. Kiswahili na Kijapani vina irabu tano zile zile, na silabi karibu zote huishia na irabu. Mwimbaji wa Kiingereza anahangaika miezi kupata a, i, u, e, o safi. Wewe umezaliwa nazo. Hata n ya Kijapani inayosimama peke yake unaijua tayari: ni ile n ya kwanza ya "nne", yenye pigo lake. Ko-n-ni-chi-wa ni mapigo matano. Kinachomfichua Mswahili ni mkazo. Sisi tunakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho bila kujijua, na Kijapani hakina mkazo wa nguvu bali kupanda na kushuka kwa sauti. Sikiliza rekodi zako: ukisikia neno linadunda mahali ambapo melodia haidundi, umelipiga Kiswahili. La pili ni urefu. Tokyo ni to-o-kyo-o, mapigo manne. Obasan ni shangazi. Obaasan ni bibi. Kite ni "njoo", kitte ni stempu, na kati yao pana kimya cha pigo moja zima. Chukua maneno ya wimbo, yagawe kwa penseli pigo kwa pigo, piga makofi huku ukiyasoma kwa nusu ya kasi, ndipo uimbe. Wasikilizaji wa Japani husamehe lafudhi. Pigo lililomezwa hulisikia papo hapo.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, maana hukuuliza. Maiki ya kondensa kwenye chumba kitupu itanasa mwangwi na boda boda za barabarani. Kabati la Ado lilifanya kazi kwa sababu nguo hunyonya sauti. Maiki ya dainamiki kama SM58, ya karibu dola 100, sentimita 10 hivi kutoka mdomoni, inasamehe zaidi. Usirekodi ukisikiliza kwa vipokea sauti vya bluetooth, sauti huchelewa na utaimba nyuma ya biti bila kujua kwa nini. Acha kilele cha sauti kati ya -12 na -6 dB. Ukimpelekea mtu wa kumiksi, toa faili la WAV la mono lisilotiwa reva, yaani mwangwi wa kuongezwa, lianzie sekunde ile ile biti inapoanzia hata kama mwanzoni kuna kimya. Faili lililokatwa mwanzo ndilo linalowaudhi mafundi kuliko lolote.

Tuje kwenye hesabu. Mpango wa washirika wa YouTube, kwa mgao wa matangazo, unataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tuseme kava yako ya 60,000 ilitazamwa wastani wa dakika 2 kila mara: ni dakika 120,000, sawa na saa 2,000. Video iliyovuma kuliko zote kwako ni nusu ya mlango tu, na ilivuma mara moja. Kama ilivuma ikiwa video fupi, saa hizo hazihesabiwi kabisa kwenye zile 4,000. Ukishaingia, malipo hutoka yakifika dola 100. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa 30%. Usipojaza fomu ya kodi kabisa, Google inaweza kukata hadi 24% ya mapato ya dunia nzima. Fomu hiyo ijaze siku ya kwanza.

Ado ni mfano mzuri, ila watu humsimulia nusu. Alianza kupandisha kava Niconico mwaka 2017. Wimbo uliomtoa ulikuja Oktoba 2020, na haukuwa kava: ulitungwa kwa ajili yake na syudou, ambaye mwenyewe ni P wa Vocaloid. Ile miaka karibu minne ya kava ilikuwa kibao cha dukani. Watu walipita, wakasoma kibao, mmoja akaingia na kazi. Kava haziwi biashara yenyewe kwa sababu kila sarafu ya kava ina mwenyewe mwingine kabla yako.

Kwa hiyo tafuta kazi ambazo kibao kinaleta. Iliyo karibu nawe ni kuimbia watunzi. Wajapani wana neno kariuta, sauti ya mfano ambayo mtunzi hulipia ili wimbo usikike kabla haujapewa msanii. Na hata huku prodyuza anahitaji vitikio na sauti za nyuma. Andaa sampuli ya sekunde 60 yenye mitindo mitatu, andika wazi masafa ya sauti yako, siku ngapi utachukua, marekebisho mangapi yamo kwenye bei. Ya pili ni laivu na uanachama wa mashabiki, ambapo wafuasi 50 waaminifu wana faida kuliko watazamaji 60,000 wapita njia. Ya tatu, na ndiyo ningeiwekea dau, ni wimbo mpya na P mchanga: yeye anatunga, wewe unaandika na kuimba Kiswahili, mnaandikiana asilimia kabla hamjarekodi noti moja. Huo ndio wimbo utakaokuwa wako kweli, na sehemu yako unaweza kuisajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Wateja wa nje wanaolipa kwa PayPal si tatizo, hela hutolewa hadi M-Pesa.

Kuacha kazi, kipimo changu ni hiki: miezi 6 mfululizo mapato yasiyo ya matangazo yalipe kodi ya nyumba, chakula na nauli, na pasiwe na mteja mmoja anayeleta zaidi ya nusu. Wakati huo huo andika saa. Kava moja ya dakika tatu na nusu, ukihesabu kujifunza maneno, kurekodi, kupanga vokali na video, hula kwa urahisi saa 15 hadi 20. Gawanya ulichopata kwa saa hizo, ulinganishe na kaunta.

Limebaki koo, nalo lingekuja kwanza kama ungeniuliza la kuanzia kesho. Crypton ilimtambulisha Miku kwa masafa ya noti A3 hadi E5 na kasi ya mapigo 70 hadi 150 kwa dakika. Ma-P waliupita mpaka huo zamani. Nyimbo za mapigo 200, zenye noti juu ya E5, ni za kawaida. Kwenye E5 nyuzi zako za sauti zinagongana kama mara 659 kwa sekunde, na Miku havuti pumzi. Wimbo uliotungwa kwa asiye na mapafu hauna mahali pa kupumua, hivyo unaimba ukiwa umeishiwa hewa, unabana shingo, nyuzi zinavimba. Mkwaruzo mara nyingi ni uvimbe huo.

Shusha biti nusu toni 2 au 3; zaidi ya hapo ngoma na besi huanza kusikika za ajabu. Weka alama za pumzi kwenye maneno kabla ya kuanza, hata ikibidi kuacha silabi moja ukaijaze kwenye rekodi ya pili. Kabla ya kurekodi, vuma kupitia mrija uliochovywa sentimita chache kwenye glasi ya maji kwa dakika 5. Pumzika dakika 10 kila nusu saa. Kibwagizo cha juu usikirudie kwa nguvu zote zaidi ya mara tano au sita kwa siku. Kikikataa, rudi kesho. Tangawizi na asali zinaliwaza koo, lakini hazigusi nyuzi, kwa kuwa chakula hupita njia nyingine. Kunong'ona nako si kupumzika. Nyamaza kabisa.

Mkwaruzo ukiisha kesho yake asubuhi, ni uchovu. Ukizidi wiki mbili, nenda hospitali ya rufaa uonwe na daktari wa masikio, pua na koo, umwambie unaimba, na uombe nyuzi ziangaliwe kwa kamera badala ya kuandikiwa antibayotiki kwa kuulizwa tu. Sauti ikikatika ghafla katikati ya noti kali, au ukitema damu, acha kuimba saa hiyo hiyo na uende siku hiyo hiyo. Nawe kwa kuwa unauza kaunta, mchana kutwa unaongea na wateja. Siku za kurekodi ziwe zile ambazo huna zamu.